Matundu ya Jeneza la Dokta Kaburi

Tulipomaliza kumzika Baba, ndugu zangu waligawana vitu vyake pale uani, na vitu vyenyewe vilikuwa vichache vya kutia aibu. Kaka yangu mkubwa alichukua redio isiyosema. Mdogo wangu alichukua koti. Mimi nikapewa keekee ya kutobolea mbao, ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Siku hizi mafundi wana mashine za umeme, na umeme ukikatika wanakaa kivulini wakiusubiri. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaenda nayo kwangu.

Nilipoifungua nikainusa kwanza, sijui kwa nini. Kishikio chake cha mbao kilikuwa bado kinanuka mikono ya watu wawili, na kwenye msokoto wa ncha yake palikuwa na unga wa libuyu uliokauka. Wa rika langu mliokulia upande huu wa Ziwa Tanganyika mnaijua mbao ya libuyu, harufu yake chungu inayokaa kooni siku nzima. Nikakaa chini nikalia. Na niseme ukweli, sikumlilia Baba peke yake.

Watu hao wawili walikuwa Baba na mdogo wake, Baba Mdogo Kashindi. Walikuwa na karakana moja hapa mtaani Songo, mabati juu, pande mbili wazi, na sisi watoto tukicheza kwenye maranda. Walitengeneza vitanda, milango, makabati na majeneza. Na walipokuwa wakipiga randa walikuwa wakibishana, kila siku ya Mungu, jambo lile lile: kati ya Nyundo na Dokta Kaburi, nani aliyekuwa mkubwa katika kachi?

Kachi ndiyo mieleka yetu, mnakumbuka. Gari lilipita mjini na vipaza sauti, wanamuziki wakapuliza tarumbeta nyuma yake, na jioni ulingo wa mbao ulikuwa umesimama uwanjani na mji mzima umeuzunguka. Leo vijana wanatazama mieleka ya watu wa mbali kwenye simu. Sisi tuliwaona wetu wakitoka jasho.

Nyundo alikuwa mbeba mizigo wa bandarini Kalundu kabla hajapanda ulingoni. Hakuwa na mapambo. Alikuja na bukta nyeusi na shingo yake, akamshika mtu, akamwinua, akamwangusha, akaenda zake. Walimleta mtu kutoka Bukavu, akamwangusha. Wakamleta mtu kutoka Bujumbura, akamwangusha. Alipomaliza hakusherehekea. Aliomba maji ya kunywa.

Dokta Kaburi alikuwa mtu wa Kiringye, mwembamba, mikono mirefu. Yeye hakumshika mtu kabisa. Aliingia nyuma ya jeneza lililobebwa na vijana wanne waliojipaka chokaa, na ngoma ikipigwa polepole. Alikuwa na kibuyu cha maji. Alimtazama mpinzani wake, akamnyunyizia yale maji, na yule mtu, hata angekuwa na mwili wa nyati, alianza kuyumba na kulala. Vijana wakamfunga shuka jeupe, wakamtia kwenye jeneza, wakafunika. Ngoma ikanyamaza. Hapo ndipo uwanja mzima ulipomwita aamke kwa kelele, "Lamuka! Lamuka!", na Dokta akagonga mfuniko kwa kidole, na mtu akaketi, macho yamemtoka kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule.

Baba alikuwa wa Nyundo.

"Kachi iko nguvu," alisema, huku akisukuma randa. "Muntu anakamata mwenzake, anamuangusha, njo kwisha. Ile ingine iko teatro, maigizo tu."

"Nguvu, yaya?" Baba Mdogo alijibu. Alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na ndiye aliyemlea, tangu walipoteremka milimani wakiwa hawana mama wala baba. "Nguvu hata ng'ombe ya Rurambo iko nayo. Uliona ng'ombe wanaipigia makofi?"

"Nyundo alimutupa Dokta inje ya ulingo. Weye mwenyewe ulikuwako."

"Mara ya kwanza. Sema na mara ya pili."

Mara ya pili ndiyo iliyokuwa kidonda cha Baba. Mara ya pili Nyundo alilala. Alilala mbele ya mji mzima, na wengine waliapa kwamba alikoroma.

"Alikuwa na malaria," Baba alisema.

"Malaria!"

"Nilimuona asubui. Alikuwa anatetemeka."

"Malaria gani yenye inasikia ngoma, yaya? Ngoma inapiga, malaria inakamata. Watu wanaita lamuka, malaria inatoka. Kama iko vile, tupeleke ngoma ku hopitali!"

Mama alitoka jikoni akashika kiuno. "Bitanda ya batu iko inangoja, na nyiye muko tu mu kachi!"

Wateja waliingizwa kwa nguvu kwenye ubishi huo. Mtu aliyekuja kuagiza mlango aliulizwa kwanza yuko upande gani, na jibu lake likisha kutoka, mmoja wa mafundi alimpimia mlango kwa furaha na mwingine alimpimia kwa kununa. Wakati ule niliona ni ugomvi, na niliogopa siku moja watapigana kwa misumeno. Sasa najua ndivyo walivyopendana. Baba alikuwa mtu mzito, asiyejua kumwambia mdogo wake neno tamu, na huo ubishi ulikuwa mazungumzo yake yote.

Na kuna jambo la Baba nimelielewa ukubwani tu. Jeneza la Dokta Kaburi lilitengenezwa pale pale kwetu, na Baba Mdogo, kwa keekee hii. Baba alijua lilivyo ndani. Angeweza kuumaliza ubishi siku yoyote kwa neno moja mbele ya wateja. Lakini siri ya kazi ya mteja haikutoka nje ya karakana, na siri yenyewe ilikuwa ya mdogo wake. Alikubali kushindwa mbele za watu miaka yote ile, akabaki na malaria yake.

Mimi nilipelekwa uwanjani na Baba Mdogo, nimekaa mabegani mwake. Nilimwona Dokta akimlaza mtu, nikaona shuka, nikaona mfuniko ukifungwa, na sikungoja mwisho. Nililia hadi watu wakageuka. Baba Mdogo alinitoa nje akanipa karanga, lakini sikunyamaza, na siku kadhaa baadaye nilikuwa bado nikikataa kupita karibu na jeneza lolote, nami nilikuwa mtoto wa fundi majeneza.

Basi jeneza lile liliporudi karakanani kubadilishwa mshikio, Baba Mdogo aliniita.

"Zawa, kuya uone. Kuya, haina kitu."

Alilipindua jeneza juu chini. Upande wa kichwa, mahali ambapo watu hawaoni, kulikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa mstari, na ndani kitambaa cheusi chepesi kimeyafunika. Alinishika kidole akakipitisha kwenye tundu moja.

"Siri njo hii," alisema kwa sauti ya chini. "Hewa inapita hapa. Bila haya matundu, muntu anaweza kufa kweli. Lakini akiwa na matundu, atalamuka tu. Umesikia? Usiogope tena. Na usiambie muntu."

Alitaka kunionyesha kwamba ni mchezo. Mungu amrehemu, alinionyesha vizuri kabisa, na mimi nikaelewa kinyume. Nilielewa kwamba hayo matundu ndiyo dawa. Kwamba mtu akifa na akawekwa kwenye jeneza lenye matundu, atalamuka, na asipowekewa, atakufa kweli. Mambo mengi yakanyooka kichwani mwangu siku hiyo. Nilijua sasa kwa nini watu wa Songo wakizikwa hawarudi: mafundi hawatoboi. Nilimtazama Baba akipigilia jeneza la bibi mmoja wa jirani, mbao nzima zisizo na tundu hata moja, nikamwona ni fundi mvivu. Mtu ana keekee ukutani, na anashindwa kuzungusha kidogo?

Kisha ikaja kolera, kipindupindu. Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho, mnajua wenyewe. Mabomba yalikauka, watu wakateka maji ziwani na kwenye mito iliyobeba uchafu wa mvua, na nyumba moja moja ikaanza kufungwa. Baba Mdogo alianza kuumwa asubuhi, akiwa amesimama kwenye meza ya kazi. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Mchana hakuweza kusimama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na sauti yake imekuwa nyembamba, lakini Baba alipomwinua kumtia mgongoni, nilimsikia akisema:

"Yaya, umenikamata sawa na Nyundo."

"Nyamaza," Baba alisema. "Utaongea tukirudi."

Baba alimbeba mgongoni kutoka Songo hadi kwenye mahema ya wagonjwa, bila kupumzika, na waliomwona njiani walilisimulia jambo hilo kwa muda mrefu. Mtu mwenye nguvu alikuwa kweli mtu mwenye nguvu. Mama alikaa mlangoni akasali, na maneno yake yote ya sala yalikuwa jina la Baba Mdogo.

Baadaye walikuja wanaume wenye mabuti na pampu mgongoni, wakanyunyizia maji ya klori ndani ya chumba cha Baba Mdogo, kitandani, chooni, hata kwenye maranda tuliyochezea. Nilisimama uani nikatazama, na hofu yote ikanitoka. Nilikuwa nimeyaona hayo. Kwanza mtu anayumba. Halafu ananyunyiziwa maji. Nilimkimbilia Mama.

"Mama, ni bale ba Dokta! Baba mudogo atalamuka!"

Mama aliingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake Baba alirudi peke yake. Hakumsalimu mtu. Aliingia karakanani, akateremsha mbao za libuyu zilizowekwa kwa ajili ya kabati la bwana harusi mmoja, akaanza kupima. Majirani walisimama mbali, kwa sababu ya ugonjwa, na kwa mbali wakaanza kulia. Mimi nilikaa kwenye maranda karibu na miguu yake. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Naandika hili nikijua linavyosikika. Nilikuwa mtoto pekee mwenye furaha Songo siku ile, kwa sababu nilijua utaratibu: maji, shuka, sanduku, halafu kuitwa. Nilikuwa nangoja.

Baba alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Alipiga randa hata sehemu ambazo zingeangalia udongo. Aliunganisha pembe bila kuacha mwanya wa kupita ukucha. Kisha akaupandisha mfuniko kuujaribu, nikaona kwamba amemaliza.

"Papa, umesahau matundu."

"Matundu gani?"

"Ya ku kichwa. Baba mudogo alinionyeshaka. Bila matundu atakufa kweli."

Nyundo ya misumari ilikuwa mkononi mwake. Aliiweka mezani taratibu. Nilidhani amekasirika kwamba nimeitoa siri, nikajikunja. Alinitazama, na uso wake ulikuwa unatafuta neno. Leo nina watoto, najua neno alilokuwa analitafuta, na najua halipo.

Aliinuka akachukua keekee ukutani. Akalipindua jeneza. Akaegemeza kifua chake juu ya keekee, akaanza kuzungusha, na unga wa libuyu ukaanza kudondoka mwekundu miguuni pake. Alitoboa tundu la kwanza. Akahamisha ncha, akatoboa la pili. Mama alitoka.

"Baba Zawadi, unafanya nini?"

"Natoboa."

"Ya nini?"

"Wacha nitoboe."

Mtu huyu ndiye aliyesema teatro. Ndiye aliyesema muntu anaangusha mwenzake, njo kwisha. Alitoboa mengi kuliko hata ya jeneza la Dokta, akaendelea mahali ambapo hakukuwa na haja tena, na jasho lilimdondoka kwenye mbao, na nadhani halikuwa jasho tu. Mimi nilikuwa nikiyapitishia kidole, moja moja, kuhakikisha.

Mwili tulipewa mlangoni pa mahema, umefungwa kwenye mfuko mweupe, na wenye mabuti wakaunyunyizia tena. Kila kitu kilienda sawasawa na nilivyojua. Hapakuwa na kilio nyumbani, hawakuturuhusu, na waliokuja kuzika walikuwa wachache kwa sababu ya hofu. Udongo ulipoanza kuingia nilishangaa kwamba wanaharakisha kabla ya mtu kuita. Basi nikaita mimi.

"Lamuka!"

Hakuna aliyeninyamazisha. Nikaita tena, kwa nguvu, kama uwanjani. Mkono wa Baba ulikuwa umeushika wangu, na niliita nikasikia mkono ule unanibana hadi mifupa ikaniuma. Midomo yake ilikuwa inatembea. Hakutoa sauti, lakini nilikuwa chini yake, nikimtazama, na neno lile nalijua hata bila sauti.

Tulipokuwa tukiteremka kutoka makaburini nilimuuliza kama atalamuka leo au kesho. Akasema, "Tutaona." Nililiishi neno hilo. Kila mlango uliposukumwa niligeuka, na chakula cha Baba Mdogo nilikitenga upande wa sahani yangu, bugali na samaki kidogo, kwa sababu nilijua atarudi na njaa.

Mvua ndiyo iliyonifundisha. Ilinyesha mchana, ile mvua yetu inayoteremka na mawe kutoka mlimani, nami nilikuwa nimekaa karakanani nikitazama maji yakijikusanya kwenye kila shimo la uani. Nikafikiria yale matundu.

"Papa," nilisema, "maji yanaingia. Twende tuyazibe."

Hapo ndipo nilipomwona Baba akilia. Alikaa chini kwenye maranda, mtu mzima na mwili wake wote, akalia mbele yangu bila kujificha. Na mimi nikajua. Sikuambiwa na mtu.

Muda mrefu hakuna aliyethubutu kutaja kachi pale kwetu. Mwishowe mteja mmoja wa zamani, mtu wa mzaha, alikuja kutengeneza kiti akatupa neno kuchangamsha mahali. "Sasa fundi, tuseme kweli. Mwisho wa yote, mukubwa ni nani?"

"Dokta," Baba alisema.

Yule mtu alicheka, akidhani anataniwa. "Weye? Weye wa Nyundo?"

"Nyundo alikuwa anaangusha batu. Kuangusha muntu iko kazi gani? Hata kuhara inaangusha. Dokta alikuwa analamusha."

"Lakini ile ilikuwa bongo, ya kudanganya tu, fundi. Weye mwenyewe ulisemaka."

"Hata ya bongo," Baba alisema, akaendelea kupiga randa.

Na ubishi ukafa hapo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa upande wa pili. Nilipokua nilijaribu kuufufua kwa ajili yake. Nilikuwa nikimpelekea chai, nikasema, "Lakini Nyundo, papa, hakudanganyaka muntu." Naye akajibu kila mara vile vile: "Njo mubaya yake." Kisha akanywa chai.

Nyundo magoti yalimwisha, akawa mlinzi wa ghala karibu na bandari, amekaa kwenye kigoda, na vijana wanaopita hawajui wanampita nani. Dokta Kaburi alikufa kwao Kiringye. Habari ilipotufikia Baba aliuliza kitu kimoja tu, ni nani alitengeneza sanduku. Hakuna aliyejua. Vita navyo vikatufikia, tukavuka kwenda Burundi na vitanda kichwani, tukarudi tukakuta karakana haina bati hata moja. Baba hakuijenga tena. Alibaki na keekee kwa sababu alivuka nayo kifuani, ndani ya shati, akaacha sufuria.

Mwishoni kifua ndicho kilichomuua, vumbi la maranda ya miaka yote ile. Alikuwa anakaa mlangoni akiitafuta hewa, mdomo wazi, na sisi tukimpepea kwa kifuniko cha ndoo. Hatukuwa na dawa nyingine.

Jeneza lake tulilinunua sokoni, limekwisha kutengenezwa, rangi inang'aa, mishikio ya dhahabu ya uongo. Kazi mbaya. Pembe zilikuwa na mianya iliyozibwa kwa rangi. Wakati wa kumlaza nilisimama upande wa kichwa, nikainama kana kwamba nanyoosha shuka, nikapapasa chini ya ubao kwa mkono wangu, kutoka pembe hadi pembe. Ulikuwa laini, bila tundu hata moja.

Keekee ilikuwa chumbani kwake, kwenye msumari wake. Watoto walikuwa wamejaa pale uani, wangu na wa ndugu zangu, baadhi wa umri ule ule niliokuwa nao. Nikawatazama mmoja mmoja, nikasubiri. Mtoto mmoja tu angeuliza Babu atapumuaje humo, ningeenda kuichukua mbele ya watu wote, na ningetoboa.

Fundi aliyekuja na jeneza aliuliza kama afunge. Niliwatazama watoto tena. Walikuwa wakitazama mishikio.

"Funga," nikasema.